Boksi la Stempu Chini ya Kitanda

Mama mwenzetu, je, umewahi kufagia chini ya kitanda cha mwanao ukakuta boksi la vitu usivyovielewa? Vifuniko vya soda, picha za wachezaji wa mpira, makaratasi ya peremende yaliyonyooshwa kwa ukucha? Mkono hukimbilia kuvitupa jalalani. Sisi tunaijua hali hiyo kwa pande zote mbili. Tulipokuwa watoto hapa Dodoma tulipotezewa boksi letu, na miaka mingi baadaye tukajikuta ndio tulioshika fagio.

Boksi letu lilikuwa la viatu, na ndani yake mlikuwa na stempu. Tulikuwa wawili, mtu na kaka yake, na tulianza mwaka 1990 tukiwa shule ya msingi. Huenda kijana wa leo akauliza stempu ni nini. Ni ile karatasi ndogo yenye meno pembeni inayobandikwa kwenye bahasha kuonyesha kwamba gharama ya kuipeleka barua imelipwa. Waingereza ndio walioanza, mwezi Mei mwaka 1840, na dunia nzima ikafuata.

Dodoma ilikuwa mahali pazuri pa kukusanya stempu kuliko mtu angedhani. Barua hazikuletwa mlangoni. Zilikaa kwenye sanduku la posta mjini, na mwenye ufunguo wa sanduku la parokia au la hospitali alikuwa mtu mkubwa machoni petu. Dayosisi ya Central Tanganyika ya Kanisa Anglikana ilianzishwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Wamisionari wengi walimfuata kutoka huko, na barua zao nazo zikawafuata. Upande wa Wakatoliki walikuwapo mapadre Wapasionisti kutoka Italia. Kwa hiyo tulimjua kangaruu kwa sura kabla hatujamwona tembo, ambaye yuko kwetu!

Kazi yenyewe ilitaka subira. Unakata pembe ya bahasha yenye stempu, unaiweka kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu, unangoja hadi iachie yenyewe. Ukiivuta kwa haraka inachanika, nayo stempu iliyochanika hakuna anayeitaka. Kisha unailaza kifudifudi juu ya karatasi safi ikauke, na usiku unaiweka ndani ya kitabu kizito inyooke. Hapo palikuwa na kosa letu kubwa: hatukuwa na albamu, tulitumia daftari la shule, na gundi yetu ilikuwa uji wa ngano. Muuguzi wa leo anacheka akikumbuka. Uji ni chakula, na chakula kina walaji wake.

Mwaka 1992, mwezi Agosti, mwalimu mmoja mstaafu aliomba ukumbi wa kanisa letu Jumamosi moja akawaita watoto wote wenye stempu waje kuzionyesha. Hatukuwahi kusikia jambo kama hilo. Tulidhani maonyesho ni ya wakulima tu, ya ng'ombe na mahindi. Tulikuja kama 30 hivi, wengine kwa miguu kutoka mbali, kila mmoja amekumbatia daftari lake kama mtu anayepeleka fedha benki. Meza zilikuwa zile zile za chakula cha sherehe, zimetandikwa vitambaa vyeupe, na akina mama wawili walipika chai na maandazi.

Biashara ilianza kabla ya sala ya kufungua. Stempu moja ya ng'ambo ilikwenda kwa mbili za kwetu. Zile za samaki za mwaka 1967 na za vipepeo za mwaka 1973 zilikuwa na bei yake, kwa sababu zilikwisha toka kwenye matumizi na zilipatikana kwenye barua za zamani tu. Wengine walikuwa na zile zilizoandikwa majina ya nchi tatu pamoja, Kenya, Uganda na Tanzania, zilizotolewa wakati wa ushirikiano wa posta kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Stempu ya namna hiyo uliinunua Dodoma ukaweza kuitumia Kampala. Mwalimu naye alikuwa nayo moja ya enzi za Wajerumani, yenye picha ya meli ya Kaiser, na hakuturuhusu kuigusa ila kwa kibano.

Kilichozua ubishi ni kijana aliyekuja na stempu zilizoandikwa Tanzania, lakini zenye katuni za Walt Disney. Tukasema ni za bandia. Nani aliwahi kuziona posta? Yeye alitumiwa na rafiki yake wa barua wa Ulaya. Mwalimu akatuamua: ni za kweli. Miaka ile serikali nyingi za nchi maskini, yetu ikiwamo, zilichapisha stempu kupitia mawakala wa ng'ambo kwa ajili ya wakusanyaji wa huko, ili kupata fedha za kigeni. Kwa hiyo mtoto wa Dodoma aliletewa stempu za nchi yake kutoka Ulaya. Hata leo hatujui tucheke au tukasirike.

Kabla hatujatawanyika mwalimu alitupa onyo ambalo hatukulijali. Alisema, "Wanangu, msikate kila bahasha. Bahasha nzima yenye mhuri wa posta unaosomeka ni bora kuliko stempu peke yake. Mhuri ndio unaosema barua ilitoka wapi na siku gani." Sisi tulikuwa tunahesabu stempu. Bahasha zilituhusu nini?

Krismasi ya mwaka ule Mama alifanya usafi wa nyumba nzima. Alipovuta boksi letu lilimwaga udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni kufuata uji wetu. Mwanamke yeyote wa Dodoma anajua afanyeje akiona mchwa ndani ya nyumba. Tuliporudi kutoka kuchota maji, boksi lilikuwa linateketea kwenye shimo la taka. Kaka yetu alikuwa na miaka 13. Hakulia. Aliacha tu kumsimulia Mama mambo yake, akaendelea hivyo mpaka alipokuwa mtu mzima. Akija likizo alimsalimia kwa heshima zote, "Shikamoo Mama", na mazungumzo yakaishia hapo.

Baadaye tulisoma kwamba Wamarekani wana kisa kama chetu, ila wao ni kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli, zilizouzwa pamoja na ubani wa kutafuna. Vijana walipooa au kwenda jeshini, mama zao walisafisha vyumba wakazitupa. Watu wazima walipoanza kuzitafuta tena na kukutana kwenye maonyesho (ule mkutano wao mkubwa wa taifa ulianza Los Angeles mwaka 1980), nyingi hazikuwapo tena. Kampuni ya Topps yenyewe ilimwaga baharini mwaka 1960 kadi za mwaka 1952 zilizokosa wanunuzi. Kadi moja ya toleo hilo, ya mchezaji Mickey Mantle, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Tusidanganyane, stempu zetu zisingetuletea hata mfuko wa saruji. Lakini kaka yetu hakuwa akililia bei.

Mwaka jana tulitoka zamu ya usiku, tukakuta chini ya kitanda cha mwanetu boksi linalonuka. Fagio lilikuwa mkononi tayari. Tukakaa kitako, tukamwita. "Mwanangu, hebu nieleze hivi ni vitu gani." Alieleza nusu saa. Tuliosha vifuniko pamoja, tukavianika juani, tukaweka majani ya mwarobaini kwenye kopo lenye mfuniko.

Mama alifariki mwaka 2016. Baba yetu alikwisha tangulia mwaka 1996. Alikuwa mtumishi wa reli Tabora, na kwa miaka mingi tulimjua zaidi kwa barua. Tulipofungua sanduku la Mama, chini ya kanga zake tulikuta barua hizo zote, zimefungwa kwa uzi, kila moja ndani ya bahasha yake. Kila bahasha ilikuwa imekatwa pembe. Baba hakuwa mtu wa kuandika tarehe. Tarehe zilikuwa kwenye mihuri, na mihuri tuliikata sisi pamoja na stempu ili tukabadilishane ukumbini. Mjane yule alikaa miaka 20 na barua za mumewe asiweze kujua ipi ilitangulia ipi, wala siku moja hakututamkia neno.

Kaka yetu alizishika muda mrefu. Kisha akaanza kuzihesabu, akipitisha kidole kwenye kila tundu. Zilikuwa 31.