Kumbukumbu za wanajeshi ni ushahidi, si hukumu

Jeshi la Wajerumani lililojenga boma la Ikoma, wilayani Serengeti mkoani Mara, halikuanzia huko. Lilianzia pwani, kwenye vita vya 1888 hadi 1890 vinavyoitwa kwa jina la Abushiri, kiongozi wa wapiganaji wa pwani. Kikosi alichokikusanya ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann kwa ajili ya vita hivyo ndicho kilichogeuzwa mwaka 1891 kuwa jeshi rasmi la koloni, na ndilo lililousukuma utawala wa Kijerumani hadi bara. Kwa hiyo msomaji wa Tarime au Mugumu naye vita vile vinamhusu, na ana haki ya kuuliza vilisimuliwa na nani.

Waliotangulia kuchapisha habari zake ni walioshinda. Rochus Schmidt, ofisa wa Wissmann, alitoa mwaka 1892 kitabu kizima kuhusu kile alichokiita maasi ya Waarabu. Tom von Prince, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1890, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1914. Wapo wanaosema vitabu vya namna hii vitupwe kwa kuwa ni vya wakoloni. Wakivitupa, watatupa pamoja navyo mengi tusiyoweza kuyapata kwingine.

Mwanajeshi ni shahidi mzuri wa kazi aliyoifanya mwenyewe. Hujua njia waliyopita, silaha walizobeba, na askari walitoka wapi. Maandishi ya maofisa yanatuonyesha kwamba kikosi cha Wissmann kilijaa Wasudani walioajiriwa Misri na watu wa Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Mfuatano wa vita nao uko wazi: tarehe 8 Mei 1889 ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo ilivamiwa, Julai Pangani ikatekwa, tarehe 15 Desemba Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani, Aprili 1890 Bwana Heri wa Saadani akaweka silaha chini.

Ushahidi huo hulegea pale ofisa anapoanza kueleza kwa nini watu wa upande wa pili walipigana. Tazama hilo jina la maasi ya Waarabu. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya kuhimiza vita dhidi ya biashara ya watumwa. Bismarck, kansela wa Ujerumani, aliyehitaji fedha za bunge, alipata njia: vita vya pwani vikielezwa kuwa ni vya kupambana na Waarabu wauza watumwa, wabunge wangekubali. Januari 1889 bunge likaidhinisha mark milioni 2. Ofisa aliyeandika miaka mitatu baadaye alilikuta jina hilo limeshazoeleka, nalo liliipa heshima kazi yake.

Ukweli wa mambo ulikuwa mpana zaidi. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Kijerumani utawala wa pwani na ushuru wa forodha. Agosti, Emil von Zelewski, wakala wa kampuni hiyo, aliingia Pangani kwa ubabe na kuidharau bendera ya Sultani, na mji ukawaka. Bwana Heri alikuwa mtawala wa Wazigua, si kiongozi wa Waarabu. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika utafiti wake wa 1995, ameonyesha kwamba umati wa Pangani ulikuwa na madai yake wenyewe, hata dhidi ya wakubwa wa mji, na Abushiri hakuwamudu wote. Mambo hayo ofisa aliyekuwa upande wa pili wa mzinga asingeweza kuyaona.

Ndiyo maana kitabu chake kinahitaji shahidi wa pili. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi mrefu kuhusu vita hivyohivyo, na kwake ni habari ya Wadachi, yaani Wajerumani, kuutamalaki Mrima, yaani pwani. Naye ana upande wake, na ushairi una kanuni zake. Lakini wapinzani wawili wanapokubaliana juu ya jambo, tunaweza kuliamini zaidi. Wanapotofautiana, hapo ndipo pa kuchimba.

Maswali ya kumhoji shahidi wa namna hii hayana ugumu. Aliliona jambo mwenyewe au alisimuliwa? Aliandika baada ya muda gani? Schmidt alingoja miaka miwili, Prince zaidi ya ishirini. Alimwandikia nani? Na nani amekosa jina? Katika vitabu hivi Mjerumani aliyeuawa hupewa jina na cheo. Askari Msudani na mpiganaji wa pwani huingia kwenye jumla.

Maswali hayohayo tuyapeleke kwa wazee wetu. Mkoa wa Mara umetoa wanajeshi wengi, na waliopigana Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bado tunao. Kwa watu wa Ikoma, Nata na Ishenyi, matukio huhesabiwa kwa saiga, yaani marika. Anayemrekodi mzee aandike pia rika lake, mahali alipokuwa, lipi aliliona na lipi aliambiwa. Kisha amuulize mke aliyebaki na watoto na mifugo mwaka ule, kwa kuwa naye aliviishi vita hivyo. Ofisa wa Wissmann alikuwa na mchapishaji kwao Ujerumani. Mzee wa Nyamongo au wa Ikoma anahitaji mjukuu mwenye simu, daftari na subira, na kazi hiyo ifanyike angali hai.