Giverny: Nyumba na Bustani ya Claude Monet

Giverny ni kijiji cha Normandie, Ufaransa, kilomita zipatazo 75 kutoka Paris. Mchoraji Claude Monet alihamia hapo mwaka 1883 akiwa mpangaji. Picha zake zilipoanza kupata wanunuzi wa kutosha, mwaka 1890 aliinunua nyumba hiyo, akaishi humo hadi alipofariki Desemba 1926, akiwa na miaka 86. Mgeni anayetoka Paris hupanda treni katika stesheni ya Saint-Lazare, hushuka Vernon, kisha humalizia safari kwa basi.

Nyumba yenyewe ni ndefu, ina kuta za rangi ya waridi na madirisha ya kijani. Ndani, chumba cha kulia chakula kimepakwa njano kila mahali, hata viti na makabati, na mlango wa pili unaingia jikoni kwenye vigae vya buluu na sufuria za shaba zilizotundikwa ukutani. Kuta zimejaa picha za Kijapani zilizopigwa chapa kwa vibao vya mbao, ambazo Monet alizikusanya kwa miaka mingi. Picha zake mwenyewe zinazoonekana humo ni nakala. Nyingi za asili zimo katika jumba la makumbusho la Marmottan, Paris.

Lakini kinachowavuta watu Giverny hasa ni bwawa. Mwaka 1893 Monet alinunua kiwanja ng'ambo ya reli na kuomba kibali cha kuchepusha maji ya kijito cha mto Epte. Majirani walipinga, wakihofia kwamba mimea yake ya kigeni ingetia sumu maji yao. Hatimaye kibali kilitoka, bwawa likachimbwa, na juu yake kukajengwa daraja la kijani lenye umbo la upinde, kwa mtindo wa Kijapani. Kila siku mtunza bustani mmoja aliingia majini kwa mtumbwi kusafisha majani ya mayungiyungi, na Monet aligharimia kuweka lami barabara ya jirani ili vumbi lisiyachafue. Hapo ndipo upekee wa mahali hapa ulipo: bustani ilipandwa kwanza ili ichorwe baadaye. Alilichora bwawa hilo hata macho yake yalipofifia kwa mtoto wa jicho, na picha zake kubwa kabisa za mayungiyungi zimewekwa tangu 1927 katika jumba la Orangerie, Paris.

Baada yake bustani ilizidiwa na magugu. Mwanawe, Michel, alipofariki mwaka 1966, mali hiyo ilirithiwa na Akademia ya Sanaa ya Ufaransa. Gérald Van der Kemp, aliyekwisha kulikarabati kasri la Versailles, alipoanza kazi hapo mwaka 1977 alikuta sakafu na boriti zimeoza, na miti mitatu imeota ndani ya karakana kubwa ya uchoraji. Daraja ilibidi lijengwe upya. Fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili wa Marekani, na mwaka 1980 milango ilifunguliwa kwa umma.

Kuhifadhi bustani ni kazi isiyokoma, kwa kuwa maua mengi hupandwa upya kila mwaka. Wageni hupokelewa kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Novemba. Anayetaka kuona tulipu afike Aprili au mapema Mei. Mayungiyungi huchanua vizuri zaidi Julai na Agosti.