Wiki Moja Barabarani Magharibi: Panga Saa, Kilomita Zitafuata

Wanaoniomba niwapangie safari ya gari kuzunguka vijiji vya Magharibi mwa Kenya huja na ramani ya simu, na hesabu yao hufanana: Kakamega hadi Webuye ni kama kilomita 40, Mumias ni 30 na ushei, Kisumu 50. Basi wanataka sehemu nne kwa siku moja. Simu haijadanganya kuhusu umbali. Ila haijui matuta ya kila soko, trekta zinazokokota trela za miwa, ng'ombe wanaovushwa na mtoto mmoja mwenye kijiti, wala mvua ya alasiri.

Mvua hiyo ina utaratibu wake. Jua likiwaka, nchi kavu hupata joto upesi kuliko Ziwa Victoria, na upepo wa ziwani huanza kuvuma kuja huku. Ukifika hukutana na upepo wa mashariki karibu na mteremko wa Nandi. Hewa iliyojaa unyevu haina pa kwenda isipokuwa juu, inapoa, na kufikia saa tisa au saa kumi mawingu yamepasuka kwa radi, pengine na mvua ya mawe. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Desemba hadi Februari kuna nafuu, lakini hata wakati huo usiweke dau. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, na barabara yoyote ya udongo uwe umeimaliza kabla ya saa nane. Udongo mwekundu ukilowa, gari dogo huserereka hadi mtaroni hata likiwa na dereva hodari.

Usiku usiendeshe. Lori au trela ikiharibika giza likiingia huachwa pale pale bila taa, na alama pekee huwa ni matawi yaliyotupwa barabarani hatua chache nyuma yake. Ukiona majani mabichi juu ya lami, punguza mwendo.

Ufaransa wana chama kilichoanzishwa mwaka 1982 cha kuteua vijiji vyao vizuri kuliko vyote, na kijiji chenye wakazi zaidi ya 2,000 hakiingii. Mgeni hufuata orodha. Sisi hatuna orodha, na sioni hasara, kwa kuwa kijiji cha huku hakitazamwi kwa kuta zake. Kinatazamwa siku kikiwa na shughuli. Kwa hiyo kalenda huja kabla ya ramani, na wiki yangu huanza Jumamosi.

Fika Kakamega Ijumaa ulale. Jumamosi alfajiri ni mafahali, mchezo wa Waisukha na Waidakho, katika viwanja vya Khayega, Malinya au Shinyalu. Uliza Ijumaa jioni ni wapi, maana uwanja hubadilika. Fahali hupigana na fahali. Hakuna mtu mwenye upanga kama Uhispania, na anayekimbia ndiye aliyeshindwa. Ngoma za isukuti, ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ndizo zinazomsindikiza fahali hadi uwanjani. Egesha mbali, gari likielekea barabarani, na usisimame mahali usipoweza kutoka mbio. Fahali aliyeshindwa hachagui njia. Kabla ya saa sita utakuwa mezani mbele ya ingokho, yaani kuku, na ugali wa wimbi, na mchana wote uliobaki ni wako.

Msitu wa Kakamega upe siku mbili nzima. Watu hukosea kuudhani ni mmoja: upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi iliyo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Milango ni tofauti, malipo ni tofauti. Mwenye siku moja tu nampeleka Isecheno, nikimwamsha usiku ili apande kilima cha Lirhanda kabla jua halijachomoza. Msitu huu ni ukingo wa mashariki wa misitu ya mvua inayoanzia Kongo na Afrika Magharibi, ndiyo maana kuna ndege na vipepeo wasiopatikana kwingine Kenya. Ajiri mwongozaji. Peke yako utawasikia hondohondo na mbega. Yeye atakuonyesha walipo.

Jumanne ni Mumias na Matungu, kwenye kituo cha utamaduni cha Nabongo. Mji wa Mumias ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza hadi 1920 walipohamia Kakamega, na Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliishi hadi 1949. Nusu siku yatosha.

Jumatano hamia Kitale, ulale huko siku tatu bila kufungasha tena. Njiani pitia Lubao, soko linalojulikana kwa kuuza mbwa, halafu Malava, ambako mbega hukaa kwenye miti kando ya lami. Webuye ina maporomoko ya mto Nzoia na kilima cha Chetambe, walikopigana Wabukusu na Waingereza mwaka 1895. Ukija Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, utakuta barabara za Bungoma zimejaa vijana wanaokwenda kutahiriwa na umati unaocheza nyuma yao. Zima injini, subiri. Honi hapo ni utovu wa adabu.

Alhamisi ni Saiwa, mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini, inayotembelewa kwa miguu. Alfajiri ndiyo saa ya nzohe, swala wa kinamasini. Ijumaa ni Mlima Elgon, ambako ndovu huingia pangoni Kitum usiku kuchimba chumvi kwa pembe. Wageni wawili waliozuru pango hilo, mmoja 1980 na mwingine 1987, waliugua homa ya virusi vya Marburg. Mimi huishia mdomoni mwa pango, na popo siwakaribii. Hakikisha gari ni la kuvuta magurudumu yote manne, na lipia kiingilio mtandaoni ukiwa bado mjini.

Jumamosi ya kurudi, usirudie njia ya Webuye. Shika ya Eldoret hadi Kapsabet, kisha teremka kati ya mashamba ya chai, upite Kaimosi, walikoanzisha misheni yao Waquaker mwaka 1902. Barabara hiyo ina kona nyingi, kwa hiyo tumia gia ndogo kuteremka na uache breki zipumue. Chavakali ukikunja kulia unarudi Kakamega. Kushoto ni Kisumu, kwenye uwanja wa ndege na samaki wa ziwani.