Mwendokasi au daladala: hesabu ya mtu wa Kimara

Jijini Dar es Salaam, anayetoka Kimara kwenda kazini Posta hana mengi ya kuchagua. Mwendokasi, yaani mabasi yenye barabara yake, ilipoanza Mei 2016, daladala nyingi ziliondolewa Barabara ya Morogoro. Wa kupiga hesabu ni yule anayekwenda Mwenge au Buguruni, au anayekaa ndani huko Mbezi.

Wengi huanza na nauli, ambayo kwa mabasi yote hayo hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Desemba 2023 daladala ya safari isiyozidi kilometa 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Mwendokasi yenyewe ilianza na 650 kwa njia kuu, 400 kwa mabasi ya pembeni kama ya Mbezi, na 800 kwa anayeunganisha yote mawili. Nauli hizo zimeshabadilika, lakini mpangilio ule una jambo: aliyeunganisha aliokoa 250. Kwenye daladala, kila ukishuka na kupanda nyingine unalipa upya.

Na usisahau kukatisha ruti. Jioni, foleni ikikaza, konda anatangaza kuwa gari inageuzia hapo. Dereva anadaiwa hesabu ya bosi kila siku, na kusota na foleni hadi mwisho wa ruti hakumlipi. Abiria ndiye anayelipa mara mbili. Ni kosa, lakini ukilalamika bila namba ya gari umepoteza muda wako. Isome kabla hujapanda.

Mwendokasi haina mchezo huo, na ina barabara yake. Ila dakika ulizookoa njiani waweza kuzimalizia kituoni asubuhi, mabasi yakipita yamejaa mpaka mlangoni. Mvua kubwa ikijaza bonde la Jangwani, njiani kuelekea mjini, huduma husimama, na siku hiyo bei ya boda anaijua mwenye boda.

Kwa Posta na Kariakoo ningepanda mwendokasi hata ikizidi daladala kwa shilingi mia mbili. Kwa Mwenge, daladala ya moja kwa moja, bila kufikiria mara mbili.

Kinachokula mshahara hasa ni kipande cha nyumbani hadi kituoni. Boda ya 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku 26 za kazi, ni shilingi 52,000 kwa mwezi, na hapo hujapanda basi. Anayetafuta chumba Kimara aulize kwanza kituo kiko wapi, ndipo aulize kodi.