Mashine ya kahawa ya wenzo: Kashozi adui si chokaa peke yake

KASHOZI, kaskazini mwa mji wa Bukoba mkoani Kagera, ina sifa mbili za zamani. Ya kwanza ni misheni ya Wamisionari wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1892. Ya pili ni kahawa ya robusta, ambayo Wahaya waliichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuwakaribisha nayo wageni ili waitafune, muda mrefu kabla ya kuja kwa wakoloni.

Kuinywa ni habari nyingine. Mjini Bukoba kipo kiwanda cha TANICA, na ni kopo la Africafe lililowazoesha wengi ladha ya zao linalomea nyuma ya nyumba zao.

Kwa mwenye kibanja anayetaka kuinywa robusta yake kwa namna ya Waitaliano, mashine ndogo ya nyumbani inayoendeshwa kwa wenzo, yaani mkono mrefu wa chuma, ina mvuto wake. Haina kompyuta wala pampu, na fundi mwenye spana na subira anaweza kuifungua yote mezani. Robusta nayo si ngeni katika espreso. Waitaliano wengi huichanganya na arabika kwa ajili ya povu zito na ukali wake.

Tatizo ni kwamba mashine hiyo haiuzwi kila duka, na vipuri vyake ni adimu zaidi. Anayeiharibu kwa uzembe hubaki na pambo la kabatini.

Asili yake ni mji wa Milano. Achille Gaggia alisajili hataza yake ya kwanza mwaka 1938, na kufikia mwaka 1948 mashine zake za wenzo zilikuwa zimeingia sokoni. Aina ndogo ya nyumbani iliyopata umaarufu mkubwa, Europiccola ya kampuni ya La Pavoni, ilitoka mwaka 1961 na bado inatengenezwa.

Utendaji wake ni rahisi kueleweka. Maji huchemshwa ndani ya boila iliyofungwa kwa kifuniko cha kukaza. Mtumiaji akiinua wenzo, maji ya moto huingia katika silinda. Akiushusha, pistoni huyasukuma kupita katika kahawa iliyosagwa kwa mgandamizo unaokaribia mara 9 ya ule wa hewa ya kawaida. Katika aina nyingine kazi ya kusukuma hufanywa na springi, na mtumiaji huivuta tu.

Hapo ndipo suala la maji linapoingia. Maji yaliyopita katika miamba ya chokaa hubeba madini ya kalisi na magnesi. Yakichemshwa, sehemu ya madini hayo hujitenga na kuganda kama ukoko mweupe, ule ule uonekanao ndani ya birika la chai. Hita iliyofunikwa na ukoko hushindwa kupeleka joto kwenye maji. Joto hilo hubaki ndani yake mpaka iungue. Baya zaidi, ukoko waweza kuziba valvu ya usalama, ambayo kazi yake ni kutoa mvuke presha inapozidi.

Ndiyo maana vijitabu vya mashine hizi husisitiza kuondoa ukoko mara kwa mara. Lakini vijitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili ya Kashozi.

Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na maji yanayokingwa kutoka kwenye bati hayana chokaa ya kutajika. Maji ya Ziwa Victoria nayo ni laini. Kipimo chake hakihitaji maabara: sabuni ikitoa povu upesi, na birika la miaka mingi likiwa halina ukoko, maji hayo ni laini. Mwenye kuyatumia akimimina asidi katika boila kila mwezi anailisha shaba na nikeli ya mashine yake badala ya chokaa ambayo haipo.

Hali hubadilika mashine hiyo hiyo ikisafirishwa kwenda Dodoma, au Zanzibar ambako ardhi ni ya matumbawe, au katika nyumba ya Dar es Salaam inayotegemea kisima. Huko ukoko huonekana baada ya muda mfupi.

Hata kwenye maji laini lipo jambo moja la kuzingatia. Mvuke ukitoka huacha madini nyuma, hivyo anayeongeza maji kila siku bila kumwaga yaliyobaki huyalimbikiza pole pole. Boila imwagwe baada ya kupoa, na maji ya bati yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa kuwa vumbi na kutu huziba vijitundu.

Kashozi, basi, mashine hudhurika zaidi kwa mafuta ya kahawa na mipira ya pistoni. Mafuta hayo hushika chujio lililo chini ya silinda, huchacha, kisha huipa kahawa mpya uchungu unaosingiziwa robusta. Dawa yake ni kufuta chujio kwa kitambaa chenye maji mara tu baada ya kutumia, na kila wiki kulitoa na kulisugua kwa maji ya moto, sabuni kidogo ya vyombo na mswaki uliostaafu. Bomba la mvuke lifunguliwe kidogo kila baada ya kuchemsha maziwa. Boila ikipoa huvuta, na maziwa yatakayoingia ndani yataozea humo.

Mipira ya pistoni huchakaa kwa msuguano na joto. Dalili zake ni wenzo unaoshuka kwa ulaini usio wa kawaida, au maji yanayovuja juu, kando ya fimbo ya pistoni. Ipakwe grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwa vyombo vya chakula. Grisi ya gari na mafuta ya kujipaka hayafai, kwani mengi yake hutokana na petroli, ambayo huvimbisha mpira. Ni busara kununua seti mbili za mipira siku ile ile ya kununua mashine.

Ukoko ukionekana kweli, asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa kutengenezea juisi, inatosha. Gramu 20 hivi, sawa na vijiko vinne vya chai, huyeyushwa katika maji ya boila ya lita 0.8. Maji hupashwa moto bila kusubiri mvuke, mashine huzimwa, na baada ya nusu saa humwagwa. Yakitoka na rangi ya kijani ni dalili kwamba asidi imeanza kula shaba; kazi isimamishwe. Boila isuuzwe mara tatu, na mara ya mwisho maji ya moto yapitishwe kwenye silinda na bomba la mvuke. Asidi isichanganywe kamwe na dawa ya usafi yenye klorini, kwani hutoa gesi ya sumu.

Kuna ajali ambazo hazingoji uzembe wa miezi. Kifuniko cha boila kisilegezwe kabla ya kuzima mashine na kufungua bomba la mvuke mpaka mlio uishe kabisa; maji yaliyo ndani huzidi nyuzi 110 za Selsiasi na hulipuka usoni. Kwa mashine za springi, wenzo ukiachiwa pasipo kahawa ya kuzuia maji huruka juu kwa nguvu ya kuvunja taya.

Umeme nao una yake. Ukikatika mashine ikiwa imewashwa, plagi ichomolewe, maana ukirudi na kukuta boila tupu, hita huungua kwa dakika chache. Na ndugu wa Marekani akituma mashine ya huko, kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya kuichomeka: ya volti 120 haiwezi kuhimili volti 230 za Tanzania bila transfoma.