Ziwa lililo juu ya ziwa

Kwa miaka mingi nimepita barabara ya Musanze kwenda mpaka wa Cyanika nikiwa na haraka ya kuwahi forodha. Mfanyabiashara mwenzangu wa mpakani anajua hali ilivyo: macho yako kwenye mzigo, si kwenye milima. Safari hii mzigo niliuacha nyumbani.

Tulikuwa marafiki wanne, sote tuliorejea Rwanda baada ya 1994. Wawili walitoka Uganda, mmoja Kongo, na mimi nilikulia Karagwe, Tanzania. Tulibeba mahema mawili, sufuria moja na viazi vya kututosha siku mbili.

Tulikuwa tunakwenda kwenye maziwa ya Burera na Ruhondo, chini ya mlima Muhabura wenye urefu wa mita 4,127. Marehemu mama yangu alizaliwa huko. Tulipokuwa watoto alituambia kwamba ziwa la kwao liko juu ya ziwa jingine, nasi tukamcheka. Kumbe alisema kweli. Zamani lava ya Muhabura iliziba bonde, maji yakajikusanya. Burera liko juu ya Ruhondo kwa mita kama 100, na katikati pana ukanda mwembamba tu wa ardhi.

Tulipanda vilima tangu asubuhi, tukapumzika mara nyingi kuliko tulivyotaka kukiri. Jioni mkuu wa mudugudu alituruhusu kulala, na mzee mmoja akatupa mahali pa kupiga mahema kando ya nyumba yake. Baridi ilikuwa kali. Mzee akaja kuota moto pamoja nasi.

Mazungumzo yakafika kwenye kituo cha umeme cha Ntaruka, kilichojengwa 1959. Maji ya Burera hushuka kwa mabomba hadi Ruhondo na kuzungusha mitambo. Mwaka 2004 Burera lilikuwa limepungua sana, na sisi wa Kigali tunakumbuka mgao wa umeme na kelele za jenereta. Mvua zilikuwa haba, mitambo ilitumia maji kupita kiasi, na kinamasi cha Rugezi kinacholilisha ziwa kilikuwa kimekaushwa kwa kilimo. Serikali ikazuia kilimo humo, na 2005 Rugezi ikaingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zinazolindwa. Matete yakaota tena, maji yakapanda.

Mzee alikuwa na shamba lake katika kinamasi hicho.

"Ninyi mlipata taa, mimi nikakosa shamba," alisema.

Nilimwuliza kama angependa kinamasi kilimwe tena. Alinyamaza kidogo.

"Hapana, mwanangu. Ziwa likikauka, mtumbwi wangu nitaufunga wapi? Ila wangekuja kwanza tukae, tuongee."

Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Tumezoea kubonyeza swichi bila kujiuliza nani alilipa.

Msomaji unayetaka kwenda, chukua sweta nzito, omba ruhusa kwa wenyeji, na usiache takataka ufukweni.

Asubuhi nilishuka nikajaza chupa moja maji ya Burera. Mama amezikwa Karagwe. Mwezi ujao nitavuka mpaka wa Rusumo niyamwage kaburini kwake, nimwombe radhi kwa kile kicheko. Watu wa forodha wakiniuliza, nitawaambia mzigo huu si wa kuuza.