KUNGOJA UBOHO MPYA: SIKU ZA MGONJWA WODINI

Mwenzetu akilazwa miezi na miezi bila ya kuvunjika mguu wala kupasuliwa tumbo, maneno huanza. Mmoja husema karogwa, mwingine husema anakwepa kazi. Makala haya yanaeleza hali ya mgonjwa anayengoja kupandikizwa uboho, ili wanachama wajue anapitia nini huko hospitalini, na zamu yao wao ni ipi.

UBOHO NI NINI

Uboho ni ute laini uliomo ndani ya mifupa. Ndicho kiwanda cha damu cha mwili. Humo hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe ndogo za kugandisha damu, ambazo huzuia jeraha lisiendelee kuvuja. Kiwanda hicho huweza kuharibika kwa saratani ya damu, au kikaacha kabisa kufanya kazi. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, hutoa chembe nyekundu zenye kasoro tangu kuzaliwa.

Tiba mojawapo ni kuuangamiza uboho mbovu na kutia wa mtu mwingine mwenye afya. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alikuwa miongoni mwa waliofungua njia hiyo mwaka 1957, na alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Nchini India kazi hiyo ilianza Mumbai mwaka 1983. Nchini Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023.

Si kila uboho unafaa. Kwanza hupimwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila ndugu ana nafasi moja katika nne ya kulingana na mgonjwa. Hivyo mtu aweza kuwa na ndugu watatu na asipate hata mmoja.

SIKU MOJA WODINI

Alfajiri muuguzi huja kuchukua damu. Baadaye hurudi karatasi ya hesabu, na wagonjwa huisubiri kama sisi tunavyosubiri karatasi ya mshahara. Nambari zikiwa chini, siku hiyo ataongezewa damu au chembe za kugandisha.

Joto la mwili hupimwa mara nyingi, usiku na mchana. Likifika nyuzi 38, daktari huitwa na dawa ya kuua vijidudu huanza kutiwa mshipani mara moja, kwani mtu asiye na chembe nyeupe aweza kufa kwa homa ambayo sisi tungekwenda nayo kazini. Kinywa husukutuliwa mara kadhaa kwa siku. Chakula ni kilichopikwa kikaiva na kuliwa kingali moto. Kachumbari na maziwa mabichi ni mwiko. Mgeni huingia mmoja mmoja, akiwa ameosha mikono na kuvaa barakoa. Mwenye mafua huambiwa arudi nyumbani, awe mke, awe mzazi.

Mchana mgonjwa huhimizwa atembee, japo ni hatua chache kutoka kitandani hadi mlangoni. Usiku ndio mgumu. Hapo ndipo huwaza kodi ya nyumba, ada za watoto, na kama mashine yake kiwandani imekwisha kupewa mtu mwingine.

KUHESABU KUELEKEA SIFURI

Mfadhili akipatikana, siku huhesabiwa kurudi nyuma: nane, saba, sita, hadi siku ya sifuri. Katika siku hizo mgonjwa hupewa dawa kali za kuuangamiza uboho wake. Hutapika, midomo huchubuka, na nywele huja kudondoka. Siku ya sifuri yenyewe haina kisu kwa mgonjwa: uboho mpya hutiwa mshipani kama damu. Kisha hungojwa tena, kwa kawaida wiki mbili hadi nne, mpaka chembe mpya zionekane.

Ndugu wafanyakazi, lishikeni jambo hili. Dawa hizo zikisha kuingia, hakuna kurudi nyuma. Ndugu mfadhili asipotokea kwa kuwa msimamizi amemnyima ruhusa, mgonjwa amebaki bila uboho wake na bila wa mwenziwe. Mfadhili naye huhitaji siku za kupimwa, za kutolewa uboho na za kupumzika. Yeye haumwi, kwa hiyo likizo ya ugonjwa yaweza isimguse. Tawi lizungumze na mwajiri mapema, na jambo hili liandikwe katika mkataba wa hali bora, lisiachwe kwa huruma ya mtu.

ZAMU YETU

Kwanza, damu. Chembe nyekundu huweza kuhifadhiwa wiki kadhaa, lakini chembe za kugandisha hukaa siku 5 hadi 7 tu. Kwenda watu hamsini siku moja, kisha kimya mwezi mzima, hakumfai mgonjwa. Tawi lipange zamu, watu wachache kila wiki, kama tunavyopanga zamu za mashine.

Pili, nafasi yake ya kazi na nyumba yake. Wajumbe wafuatilie haki zake za likizo, wala wasingoje mkewe aje kulia ofisini.

Tatu, kinga. Benzini, iliyomo katika petroli na katika baadhi ya gundi na viyeyusho vya rangi, huharibu uboho na huweza kuleta saratani ya damu. Tusinawe mikono kwa petroli, wala tusiifyonze kwa mdomo. Mkataba Na. 136 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1971, unataka wanaofanya kazi penye benzini wapimwe damu kabla ya kuanza kazi na tena kila baada ya muda, bila ya kulipa wao. Ulizeni kiwandani kwenu: je, tunapimwa?

Mwenzetu aliye wodini ameishika zamu yake, usiku na mchana. Nasi tuishike yetu.